Siku moja maishani mwangu: mkuu wa shule aliyesomea kuchora

Saa 11 alfajiri simu inanguruma kwenye kundi la wakuu wa shule: "Wakuu, takwimu za viti na meza zifike kabla ya saa 4." Tulizipeleka juzi. Zilezile.

Saa 1 kasoro niko getini. Shikamoo Madam, marahaba, paredi, vipindi vinaanza. Kisha saa nzima ni mhuri: barua za uhamisho, ruhusa ya mwalimu anayeuguza, fomu nisizojua zinaishia wapi.

Wengi hudhani mkuu wa shule lazima awe mtu wa hesabu au sayansi. Mimi nilisomea sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shule ya kwanza niliyopangiwa, somo langu halikuwepo kwenye ratiba, wakanipa jiografia kwa kuwa "unachora ramani vizuri". Miaka tisa nimechora Bonde la Ufa kwa chaki za rangi. Nikawa mtaaluma, nikawa makamu, mpaka nikaletwa hapa sekondari ya kata, chini ya Kilimanjaro.

Saa 3 na nusu mwalimu wa zamu ananiletea kesi, fimbo tayari anayo. Namwambia aiweke. Kijana wa kidato cha pili amemchora makamu wangu kwa mkaa kwenye mlango wa choo kipya: kichwa cha mbuzi, tai, saa kubwa mkononi. Namsomea makosa yake huku macho yangu yako kwenye suruali ya yule mbuzi. Mikunjo yote kaitoa kwa mstari mmoja, hakuna alipofuta. Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa bado siwezi.

Baba yake tulimwita saa 4. Kaingia saa 6 na robo. Akaanza na mvua. Akaja kwenye bei ya kahawa, akauliza kwetu ni wapi, ukoo gani, nimeolewa wapi. Nusu saa, na simu ya takwimu inaita mezani. Nilipotaja kopo la rangi ya mlango akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mwalimu, si elimu bila malipo?"

Nikamweleza kwamba ada ilifutwa 2016, kwamba ruzuku ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, na humo hakuna fungu la kufuta mbuzi. Akacheka, kisha akageuka mkali.

"Mimi nimemleta asome. Nani amewahi kula kwa kuchora?"

"Mimi, mzee."

Akatazama kabati langu lisilofunga, mafaili yaliyorundikana sakafuni, chai iliyopoa. Hakushawishika. Nikamtajia Sam Ntiro, Mchaga mwenzake, aliyefundisha kuchora Makerere, na uhuru ulipopatikana akapelekwa London kutuwakilisha. Nikamwongezea Elimo Njau wa Marangu, mwalimu naye, aliyeanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965.

"Hao ni wa zamani," akasema. "Siku hizi ubalozi unatolewa kwa kuchora?"

Hapo alinishinda, nakiri. Akaondoka na ahadi ya mwisho wa mwezi. Saa ngapi, sijui.

Takwimu zilichelewa, nikaulizwa kwa maandishi. Kopo moja la rangi nalo lazima lipite kwenye mfumo wa manunuzi, na mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Chakula cha mchana nilikikumbuka nikiwa kidato cha tatu, kipindi cha mwisho, chaki mkononi, miguu inawaka. Kipindi hicho sijakubali kumwachia mtu.

Jua likishuka nikamsimamia kijana asugue mlango kwa sabuni na brashi. Kabla hajamwaga maji nikamwambia asogee pembeni, nikatoa simu, nikampiga picha yule mbuzi. Mbili, ya pili kwa karibu, nipate ile suruali.

Makamu wangu hana habari, na mambo ya mitandao hayapendi. Namshukuru Mungu.