Neno la Nne

Jana, Ijumaa Kuu, yale maneno saba aliyoyasema Yesu msalabani yaligawiwa watu saba kanisani kwetu, nami nikapangiwa la nne: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Nilipewa dakika tano. Nilizungumza tatu, nikakaa. Leo ni Jumamosi, Yesu bado yumo kaburini, naandika yale yaliyonibaki kooni.

Kwaresima nzima nilikuwa na kitabu cha mwaka 2009 ambamo Slavoj Žižek, mwanafalsafa wa Slovenia asiyeamini kwamba Mungu yupo, anajibizana na John Milbank, mwanateolojia wa Kianglikana wa Uingereza. Nilitarajia zile hoja za kila siku, kwamba sayansi imeshamaliza kazi. Sivyo kabisa. Žižek anauchukulia msalaba kwa uzito kuliko wahubiri wengi niliowasikia. Kwake, pale Golgotha hakufa mjumbe huku aliyemtuma amekaa salama mbinguni. Alikufa Mungu mwenyewe wa huko juu, yule tunayemtegemea ahakikishe kila jambo litaisha vizuri. Aliyebaki ni Roho Mtakatifu, na Roho kwa Žižek ni jumuiya ya waamini, watu walioshikana bila mdhamini. Ndiyo maana anadai kwamba anayetaka kuufikia umaada wa kweli, yaani kuona kwamba kilichopo ni maada tu, hana budi apitie kwenye Ukristo.

Milbank anamjibu kwa umahiri, ila aliyenishika mkono ni Jürgen Moltmann, mwanateolojia wa Kijerumani. Julai 1943, akiwa kijana wa miaka 17 huko Hamburg, bomu lilimuua rafiki yake aliyesimama kando yake, yeye akapona. Baadaye, akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Waingereza, akasoma Injili ya Marko, na alipofika kwenye kilio hicho cha "mbona umeniacha" akaona amempata mtu anayemwelewa. Mwaka 1972 akaandika kwamba msalabani Mwana anateseka kwa kuachwa, na Baba naye anateseka kwa kufiwa na Mwana. Kwa Moltmann, kuachwa huko kumo ndani ya Mungu mwenyewe. Naliamini hilo.

Hoja yangu ya jana niliijenga juu ya neno moja. Biblia yetu haikusema "kwa nini", imesema "mbona". "Kwa nini" unaweza kuuliza hata ukutani. "Mbona" ni lawama, na lawama humwendea mtu wako, uliyemtegemea: mbona hukuja, mbona kimya. Nikataka kusema kwamba anayelia "mbona" bado anaye wa kumlalamikia, kwa hiyo Žižek kakosea.

Nikainua macho. Mama alikuwa benchi la tatu. Mwezi wa pili tulimzika mama mdogo, na kabla jeneza halijafungwa mama alipiga magoti, akaiweka sawa pindo ya kitenge shingoni mwa mdogo wake, akasema, "Mdogo wangu, mbona umeniacha?" Maneno yale yale. Na aliyeambiwa hakuwepo tena kujibu. Hoja yangu ikaniishia mdomoni.

Usiku nilimuuliza mama kama siku ile alikuwa anamwambia marehemu au anamwambia Mungu. Alikuwa anachagua mchele. Akasema, "Sijui, mwanangu. Nilisema tu," akaendelea kuchagua.

Nimelala nikiwaza wale kina mama wawili waliomshika mama makwapani kaburini siku ile asianguke. Žižek angesema Roho ndiyo hiyo, mikono ile, hakuna zaidi. Mikono siibishii, bila hiyo mama angeanguka chini kwenye udongo. Lakini walipokuwa wamemshika walikuwa wanaimba, mmoja sauti imemkauka kabisa, na wimbo wote ulikuwa wa kumwita mtu: Bwana, wewe, wewe. Hawakuwa wanaimbiana wao kwa wao. Walikuwa wanatazama juu ya kichwa cha mama, kule lilikokuwa limesimama lile rundo la udongo mwekundu, wanaita.