Mgeni wa Dar es Salaam na Noti Zake Kubwa

Kila ninapopokea mgeni kutoka nchi jirani, jambo la kwanza ninalomwomba, kabla hata hajafungua begi, ni kuzivunja noti zake kubwa. Binamu yangu wa Nairobi alipokuja, tulipanda daladala ya Kariakoo, naye kwa nia njema kabisa akamnyooshea konda noti ya shilingi elfu kumi ilhali nauli yake haikufika elfu moja. Konda alikuwa amekunja noti zake kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, huku sarafu akizigonganisha kiganjani kuwakumbusha abiria nauli. Aliitazama noti ile, akamwambia asubiri chenji, nasi tukaisubiri mpaka kituo cha mwisho.

Siku ya mgeni katika jiji hili huendeshwa na jero, buku na msimbazi, yaani mia tano, elfu moja na noti nyekundu ya elfu kumi, na ni vema ayazoee majina hayo mapema kwa sababu wauzaji huyatumia bila kueleza. Anayetoka Kenya akumbuke pia kwamba shilingi yake moja ni sawa na takriban shilingi 20 za huku, ili asishtuke anapotajiwa bei ya maelfu kwa kitu cha kawaida.

Wapo wanaokuja na dola wakidhani watalipia nazo kila mahali. Tangu tarehe 28 Machi 2025, kanuni za serikali zinakataza kutangaza bei au kupokea malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa. Kwa hiyo badilisha fedha zako benki au katika duka lenye leseni, usiwafuate wanaokuita pembeni ya barabara, na omba sehemu ya fedha hizo upewe kwa noti za elfu moja na elfu mbili.

Kwa atakayekaa zaidi ya siku tatu, namshauri asajili laini ya simu ya hapa kwa pasipoti na alama za vidole, kwa kuwa maduka mengi hupokea malipo ya simu kwa Lipa Namba, yaani namba ya duka unayoilipa, na mawakala wa fedha za simu wapo karibu kila mtaa. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuingiza namba ya siri, na uliza makato kabla ya kutoa fedha.

Usafiri wa mjini hauna ugumu. Mabasi ya mwendokasi hukwepa foleni kwa kuwa yana njia yake, na bodaboda au bajaji upatane nayo bei kabla ya kupanda, si baada ya kufika. Mabasi ya mikoani yana jambo moja linalowapotosha wengi: ndugu waliokuja zamani watakuelekeza Ubungo, ilhali kituo kikuu sasa kipo Mbezi, nacho kilizinduliwa mwaka 2021. Anayekwenda Morogoro au Dodoma, mimi namwelekeza moja kwa moja kwenye treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Jina lililo kwenye tiketi lilingane na lililo kwenye kitambulisho, kwa hiyo usimwachie mtu akukatie tiketi kwa jina la utani.

Kariakoo ndiko ninakowapeleka wanaotaka kununua vitenge. Uliza bei ya jumla hata kama unataka vipande vitatu tu, kwa sababu wafanyabiashara wengi huanza kushusha bei kwenye idadi hiyo, kisha dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ambayo ni haki yako na ni wajibu wako pia kisheria. Beba kikapu chako kutoka nyumbani, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Binamu yangu alinunua cha ukili palepale sokoni, na safari hiyo alilipa kwa noti ndogo zilizotimia, muuzaji hakulazimika kutafuta chenji kwa jirani.