Jinsi nilivyoondoa ukijivu katika picha za ukungu

Picha nilizopiga katika mashamba ya chai ya Tukuyu wakati wa ukungu zilitoka za kijivu, na nyuso za wachumaji zikawa nyeusi mno, kwa sababu kipima mwanga cha kamera hukichukulia chochote kilicho mbele yake kuwa kijivu cha wastani, yaani kinachoakisi asilimia 18 ya mwanga. Nilirudia ujuzi wa enzi za filamu, ambao naona haupaswi kuachwa: ninapima mwanga kwenye kiganja changu, nikiwa nimekielekeza kama uso wa mchumaji ulivyoelekea, kisha ninaongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, kwa kuwa kiganja hung'aa takriban kiasi hicho kupita kijivu. Ujuzi mpya ni kusoma histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha kuanzia giza (kushoto) hadi weupe (kulia), ambayo kilele chake sasa husogea kulia bila kugusa ukingo. Ukungu ukipungua, ninapima upya.