Nilipotoka eda

Miezi minne na siku kumi za eda, baada ya mume wangu kufariki, sikulala peke yangu hata usiku mmoja. Mawifi walishika zamu chumbani kwangu, majirani wakaleta uji, na kila Ijumaa nyumba ikajaa watu wa kusoma Kurani. Eda ilipokwisha kila mtu akarudi kwake, na ni haki yao. Mie nikabaki hapa Wete, Pemba, na mwanangu wa darasa la sita.

Hapo ndipo nilipougua. Nikishasali alfajiri narudi kitandani mpaka saa 4. Skuli ninakofundisha niliomba ruhusa, nikaomba tena. Nguo zinalala kwenye beseni mpaka zinatoa uvundo. Usiku macho makavu, simu mkononi, nasikiliza sauti alizokuwa akinitumia marehemu. Watu wakiniambia nisubiri, na kweli nilikuwa nasubiri: nasubiri siku nitakayoamka nina hamu ya kufanya kitu.

Shangazi ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari hakunikatiza. Akasema huzuni ya msiba haina aibu, lakini mtu akimaliza wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, hana hamu na chochote, usingizi hauji na kazi zimemshinda, basi aje atazamwe. Na akianza kuwaza kujidhuru, asingoje hata siku moja. Kisha akaniambia: "Usingoje hamu, dada. Anza kufanya, kidogo tu, hamu itakuja nyuma yako."

Nikaanza na moja, kutorudi kitandani. Baada ya sala natia baibui, nateremka mpaka bandarini, narudi. Nusu saa. Kwa siku tano za wiki ni dakika 150, na hicho ndicho kiwango cha chini cha mazoezi ya wastani ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima. Siku za mwanzo nilitembea huku nalia, nikishukuru giza halijaisha. Narudi jua limeshatoka, na mwanga huo wa asubuhi ndio unaouwekea mwili saa yake ya kuamka na ya kulala. Kahawa ya saa 10 jioni niliiacha, maana karibu nusu ya nguvu yake bado inakuwa mwilini saa 3 usiku. Simu ikahamia kabatini jikoni. Usingizi ulichukua kama wiki tatu kurudi, tena kwa vipande.

Lakini kilichonishika zaidi ni ukili, ule utepe mrefu wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka. Shangazi alikuja na mzigo wa miyaa, yale majani makavu ya kusukia, akaniwekea mapajani.

"Suka, mwanangu."

"Shangazi, sina nguvu."

"Mkeka nimekutajia? Urefu wa pima moja tu, kisha ulale."

Sikuwa nimesuka tangu utoto. Unalowesha miyaa ili isikatike, unakunja juu, unapitisha chini, na mmoja ukikaribia kwisha unaingiza mwengine mapema. Mawazo yakienda mbali, ukingo unakwenda upande na inabidi ufumue. Basi vidole vikaniita nirudi pale nilipokaa, mara kumi, mara ishirini. Shangazi naye pembeni yangu anasuka wake, hasemi kitu, na mimi sikutakiwa kusema. Kwa mtu aliyechoka kuulizwa "unajisikiaje?", hiyo ni rehema kubwa. Ikawa kila siku baada ya alasiri, mpaka majirani wawili wakajiunga na miyaa yao.

Wapo walioniambia hospitali ni kwa asiyekuwa na imani. Mie sikuacha sala hata siku moja, na daktari nilimwendea mara nne. Sioni lililomgomba mwenziwe.

Zipo siku bado nashindwa. Juzi mvua ilinizuia, nikazunguka uani mpaka nikapata jasho.

Zile sauti sikuzifuta. Tunazisikiliza Ijumaa baada ya kula, mimi na mwanangu, mchana kweupe, mlango wazi. Iko moja baba yake anaagiza ndimu, anarudia neno "ndimu" mara tatu kwa kuhofu nitasahau. Mtoto hucheka kila akiisikia.