Ute ni wa wenye meno

Jumapili imepita, sentensi yake haijapita. Tumehama, baba watoto amesafiri tena, dada amejifungua salama, na katika yote hayo kinachonirudia kichwani ni maneno ya mama mkwe alipoingia jikoni akaliona bakuli la mtoto.

“Hiyo nyeupe nayo ni yake?”

“Ndiyo, mama. Yai zima.”

“Mpe kiini, mwanangu. Ute ni wa wenye meno.”

Akaenda zake sebuleni. Hakufoka wala hakununa. Alisema kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango. Nami nikaitikia “haya, mama,” nikaendelea kuponda, jibu likanibaki kooni. Acha nilitoe hapa.

Nilimsikia kama anayesema ute utamletea mtoto mzio, yaani mwili kukikataa chakula. Lakini kiini peke yake hakimkingi mtoto na mzio. Protini zinazoleta mzio wa mayai ziko zaidi kwenye ute, kwa hiyo anayelishwa kiini miezi yote hadi atimize mwaka anacheleweshewa kilekile ambacho mwili wake ulipaswa kukizoea mapema. Isitoshe, hakuna anayevitenganisha kabisa. Hata kiini cha yai lililochemshwa likaiva hutoka na mabaki ya ute, ya kutosha kumsumbua mtoto ambaye tayari ana mzio.

Ute ni wa wenye meno. Sasa tusubiri hadi lini, mama? Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kwamba mtoto aliye katika hatari ya mzio asile yai hadi afikishe miaka 2. Mwaka 2008 ushauri huo ukaondolewa, maana ushahidi haukuwepo. Halafu mwaka 2017 yakatoka matokeo ya Japani: watoto wenye ukurutu walipewa unga wa yai lililopikwa, miligramu 50 kwa siku kuanzia miezi 6, kisha 250 kuanzia miezi 9, huku ngozi zao zikitibiwa kwa bidii muda wote. Walipofika mwaka mmoja, wenye mzio wa mayai walikuwa asilimia 8. Kwa wenzao waliopewa unga usio na yai, asilimia 38. Watoto walikuwa wachache, kama 60 kila upande, lakini tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda.

Huyu wetu ana ukurutu, mnajua tulikotoka. Kwake kuchelewesha yai si tahadhari. Ngozi iliyochubuka inaruhusu chembe za chakula kuingia, na mwili ukikutana na yai kwanza kupitia ngozi badala ya tumbo, ndipo unapolitambua kama adui. Ndiyo maana ngozi hutulizwa kwanza, halafu chakula. Na mtoto ambaye ukurutu wake ni mkali, au aliyewahi kudhurika na chakula chochote, amwone daktari kabla ya kijiko cha kwanza.

Kupika ndiko kunakoamua mengi. Kati ya protini kubwa za ute, ovalbumini huvunjwa na moto, ovomukoidi huvumilia. Yai lililoiva kabisa kwa hiyo ni jepesi kwa mwili kuliko bichi au lenye kiini kinachotiririka, na moto huohuo unaua salmonela pia, vijidudu vya kuharisha. Chemsha dakika 10 hadi 12 tangu maji yaanze kutokota, kisha litumbukize kwenye maji baridi. Ute uwe mweupe wote, kiini kikatike bila kunata kisuni. Ule mviringo wa kijani kuzunguka kiini ni madini ya chuma ya kiini yaliyokutana na salfa ya ute, haudhuru. Na keki si kipimo: yai lililookwa ndani ya unga wa ngano hupoteza ukali mwingi, hivyo mtoto anaweza kula keki bila shida na bado akadhurika na yai la kuchemsha.

Chagua siku ambayo mtoto ni mzima, hana homa, hajatoka kuchanjwa, na asubuhi au mchana ili awe macho chini ya uangalizi kwa saa kadhaa. Awe ameshaanza vyakula vingine, anakaa akishikiliwa na shingo imekaza, jambo ambalo kwa wengi huwa karibu na miezi 6. Kiasi cha kwanza ni robo ya kijiko cha chai, ute na kiini pamoja. Subiri dakika 10 hadi 15. Kama ametulia, endelea kidogo kidogo hadi kijiko kimoja cha chai, uishie hapo kwa siku hiyo. Usianzishe chakula kingine kipya siku hiyohiyo, la sivyo hutajua mkosaji ni yupi. Mlo unaofuata ongeza, hadi afikie theluthi ya yai, baadaye nusu, baadaye zima kadiri anavyotaka mwenyewe. Kisha usiache! Mara 2 au 3 kwa wiki, kila wiki. Wengi huonja mara moja, wanafurahi hakuna kilichotokea, wanasahau mwezi mzima. Kuonja mara moja hakumjengei mtoto chochote.

Wekundu kuzunguka mdomo pale alipojipaka, unaofifia muda mfupi baada ya kumfuta, mara nyingi ni ngozi tu kuwashwa; mpake mafuta mazito kidevuni kabla ya kula. Mabaka yaliyovimba na kuwasha sehemu nyingine za mwili, midomo au macho kuvimba, kutapika ndani ya saa 2: acha yai, mpeleke kwa daktari. Kupumua kwa shida, kukohoa mfululizo, kulegea ghafla, hapo ni dharura, hospitali sasa hivi. Kuna na aina inayojificha: saa 1 hadi 4 baada ya kula mtoto anatapika tena na tena, anapauka, analegea, ngozi haina hata kipele. Watu hudhani ni tumbo tu. Huyo naye ni wa hospitali.

Nimeandika hadi hapa nikiwa bado na hasira kidogo. Halafu nikaisoma tena sentensi yake, na mara hii nikayaona meno.

Maana ute ulioiva ni mpira. Vipande vyake vinateleza, havilainiki mdomoni, na mtoto asiye na meno ya kusaga anaweza kupaliwa navyo. Kiini nacho kikiliwa kikavu hugeuka unga unaoganda kwenye kaakaa. Hivyo ute usagwe au usuguliwe kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko hadi usisikie punje kati ya vidole, uchanganywe na kiini, kisha uongezewe vijiko 2 au 3 vya maziwa ya mama au maji ya uvuguvugu hadi uteleze kijikoni bila kudondoka. Chumvi hapana. Uma peke yake hautoshi, unaacha punje. Mama amelea watoto watano bila hata mmoja kupaliwa, na nina hakika alichokuwa akikitazama bakulini ni zile punje.

Jana kwenye simu akauliza, “Sasa siku nikibaki naye nimpe kiasi gani?” Nimemwambia: theluthi ya yai, lililosagwa laini, likae nje kwa muda usiozidi saa 2, na linalobaki bakulini litupwe kwa sababu kijiko kimeshaingia mdomoni. Akasema sawa, ila chujio atakuja na lake.

Kinachoninyima usingizi sasa ni kadi ya chanjo. Haimo kwenye mkoba wa mtoto wala kwenye faili la vyeti, chanjo ya surua iko karibu, na masanduku ambayo hayajafunguliwa yote yameandikwa “vyombo”.