Soko la Karari

Nilipokuwa Japani kwa mafunzo ya kilimo cha mboga na matunda, walimu wetu walitupeleka mwezi wa Novemba katika kisiwa cha Shikoku, kwenye mji mdogo wa Uchiko mkoani Ehime, ili tuone kituo cha barabarani kiitwacho Karari. Vituo vya aina hii, ambavyo Wajapani huviita michi-no-eki, vilianza kusajiliwa rasmi mwaka 1993 vikiwa 103, na sasa vimepita 1,200 nchi nzima. Kila kimoja hutakiwa kiwe na maegesho na vyoo vilivyo wazi saa 24 bila malipo, pamoja na taarifa za barabara kwa wasafiri. Mengineyo, kama soko na mgahawa, hutegemea wenyeji wana nini cha kuuza. Vyoo vya Karari, naomba niseme tu, vilikuwa visafi kuliko vya hoteli kadhaa nilizowahi kulala.

Kwa mtu aliyezaliwa Muheza, biashara ya kando ya barabara si jambo geni. Nimekua nikiona machungwa yakinyanyuliwa hadi madirishani mwa mabasi, na nimemwona baba akipangiwa bei na dalali aliyekuja na Fuso wakati matunda yameshaiva na hayawezi tena kungoja. Ndiyo maana, kati ya yote niliyoonyeshwa siku ile, kilichonishika zaidi ni vibandiko vya bei.

Tulifika kabla soko halijafunguliwa. Wakulima, wengi wao wanawake wa makamo na wazee, walikuwa wakishusha kutoka kwenye virikuu vyao uyoga wa shiitake, figili nyeupe ndefu, machenza, na makaki, yaani yale matunda ya rangi ya chungwa ambayo huiva huko wakati wa majani kupukutika. Kila mmoja aliiendea mashine, akaingiza bei aliyoipanga mwenyewe, ikatoka karatasi yenye mistari na jina lake. Kisha akabandika kila mfuko na kuupanga rafuni kwa mikono yake. Kituo hukata asilimia yake kwenye mauzo, na bidhaa isiyouzwa hubaki kuwa mali ya mkulima, ambaye hurudi kuichukua. Sikupendezwa na wingi wa plastiki, kwani hata figili moja ilivalishwa mfuko wake, lakini bila mfuko kibandiko kingekaa wapi?

Mama mmoja aliyekuwa akipanga makaki alikubali kuzungumza nasi kupitia mkalimani. Nilimwamkia kwa kuinama, kama tulivyofundishwa, nikamuuliza anajuaje akiwa shambani kwamba bidhaa yake inakwisha. Akatoa simu: mfumo wa soko humpelekea taarifa za mauzo yake siku hiyohiyo, na rafu ikipungua huchuma tena na kurudi. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba fedha huingia kwenye akunti yake yeye, si ya mumewe, na wenzake wawili waliokuwa karibu wakacheka kwa namna iliyonionyesha kwamba jambo hilo liliwahi kuzungumzwa sana majumbani mwao.

Mchana tulikula jakoten, andazi la samaki aliyesagwa pamoja na mifupa yake na kukaangwa, ambalo ni chakula cha pwani ya mkoa huo, nasi tukashushia juisi ya machenza. Wenzangu waliingia dukani kununua mishumaa ya nta ya mimea, ambayo Uchiko iliitajirikia zamani. Mimi nilirudi rafuni, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo lililonitatiza: mifuko ya makaki ya wakulima watatu, ukubwa uleule, bei tatu tofauti. Nilimuuliza yule mama kama hawagombani.

Alisema kwamba mwenye bei ya chini huuza mapema na kwenda zake, na mwenye matunda mazuri hungoja wateja wanaolijua jina lake. Basi nikamuuliza afanyeje siku ambayo wote wameleta makaki na wateja ni wachache. Akajibu kwamba siku hiyo hubeba yaliyobaki, na kesho yake haleti mabichi. Nyumbani ana mengine, yale makali yasiyolika mabichi, ambayo huyamenya, akayafunga kwa kamba na kuyaanika chini ya paa hadi yawe matamu, kisha huyauza majira ya baridi kwa bei ya juu zaidi.