Jinsi nilivyopata hesabu ya kuaminika ya vifaranga wa samoni wakati wa majani makavu, Idaho

Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa katika kazi ya kufuatilia samoni na stilihedi, samaki wa mtoni wanaokwenda baharini na kurudi, ulikuwa huu: "Waachie palepale juu ya mtego, watarudi wenyewe." Wanaosemwa ni vifaranga tuliowanasa na kuwatia alama ili kukadiria idadi ya wote wanaoteremka mto. Aliyenipa alikuwa mwenye uzoefu wa miaka mingi na alisema kwa nia njema, na ndiyo maana kila mgeni anayeingia kazini humwamini. Naandika haya kwa ajili ya wasemaji wenzangu wa Kiswahili waliopo Boise, Portland, Seattle na kwingineko, ambao wananiuliza kuhusu kazi hizi za msimu. Wengi wameshaelezwa habari za dubu na baridi, lakini ni wachache walioelezwa habari ya hesabu, ilhali hesabu ndiyo kazi yenyewe.

Nilifanya kazi hiyo katika kijito kimoja cha bonde la mto Salmon, katikati ya jimbo la Idaho. Samoni aina ya Chinook hufika huko kutoka Bahari ya Pasifiki, hutaga mayai mwezi wa Agosti na Septemba, kisha hufa. Mayai huanguliwa chini ya changarawe wakati wa baridi kali, vifaranga hujitokeza majira ya kuchipua, na ikifika vuli, yaani majira ya majani kupukutika, wengi wao huteremka kutoka kijito walichozaliwa kwenda kupitisha baridi katika mto mkubwa, ndipo mwaka unaofuata huelekea baharini. Njiani wanakabiliwa na mabwawa 8 ya umeme, manne katika mto Snake na manne katika mto Columbia, la kwanza likiwa Lower Granite na la mwisho Bonneville. Stilihedi naye ni trauti wa upinde wa mvua anayekwenda baharini na kurudi, spishi ileile iliyopandikizwa katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20. Mimi nimekulia Nyeri, na samaki huyo nilimjua tangu utotoni kama samaki wa mito ya milimani tu. Kumkuta Idaho akiwa msafiri wa bahari, ambaye aghalabu hukaa mtoni miaka miwili au mitatu kabla ya kuondoka na ambaye anaweza kutaga akabaki hai, kulinifurahisha kwa namna ambayo siwezi kuificha.

Chinook wa mto Snake waliingizwa katika orodha ya samaki walio katika tishio la kutoweka mwaka 1992, na stilihedi wa huko wakafuata mwaka 1997. Mwaka huohuo wa 1992 samoni aina ya sokai aliyerudi katika ziwa Redfish, juu kabisa ya mto Salmon, alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo unapomshika kifaranga wa urefu wa kidole unafanya hivyo kwa kibali cha serikali, na idadi utakayoandika jioni itatumiwa na watu wanaoamua kuhusu maji ya mabwawa, uvuvi na vituo vya kutotolesha samaki. Nikikasirikia ushauri mbaya, nakasirika kwa sababu hiyo.

Mtego tunaotumia ni mtego wa parafujo. Ni koni kubwa ya bati lenye matundu madogo, inayoelea kati ya maboya mawili, nusu yake ikiwa ndani ya maji. Mkondo wenyewe ndio unaoizungusha. Kifaranga akishaingia mdomoni mwake, mabati yaliyojipinda ndani humsukuma nyuma hadi kwenye sanduku lenye maji tulivu, asiweze kurudi alikotoka. Hakuna injini wala chambo. Kila asubuhi samaki hutolewa, huwekwa katika maji yenye dawa ya usingizi, hupimwa urefu na uzito, na wale wenye ukubwa wa kutosha hudungwa sindano tumboni ya kuwawekea chipu ya milimita 12. Chipu hiyo haina betri. Huamka tu inapopita karibu na antena, ikataja namba yake, na namba hiyo inaweza kusomwa baadaye huko Bonneville au miaka kadhaa mbele samaki akirudi akiwa mkubwa. Kudunga sindano hujifunzwa haraka kuliko watu wanavyodhani.

Ugumu ni kwamba mtego haukamati samaki wote wanaoteremka. Unakamata sehemu, na huwezi kujua ni sehemu gani mpaka uwachukue baadhi ya uliowakamata, uwatie alama, uwapandishe juu ya mto, uwaachie, kisha uone ni wangapi wanakamatwa tena. Chukua mfano wa samaki 60 wenye alama: wakirudi 9, mtego unakamata asilimia 15, na kama umekamata samaki 1,200 katika kipindi hicho, basi walioteremka ni kama 8,000. Wakirudi 24, asilimia inakuwa 40 na makadirio yanashuka hadi 3,000. Kijito ni kilekile na samaki ni walewale. Kilichobadilika ni mahali na saa ulipowaachia.

Nilipoanza, tuliwaachia kama tulivyoelekezwa: saa sita mchana, hatua chache juu ya mtego, katikati ya mkondo unaoingia moja kwa moja kwenye koni. Walirudi kwa wingi mno. Baadhi walikuwa ndani ya sanduku kabla sijamaliza kuosha vyombo, na wengine, wale waliopata nguvu ya kuogelea hadi ukingoni, walijificha chini ya mawe wakakaa humo siku kadhaa, wakatokea katika kipindi kingine cha hesabu na kuivuruga hiyo nayo. Mwenzangu katika kikosi, ndugu mmoja kutoka Uvira aliyekulia kwa wavuvi wa ndagala wa Ziwa Tanganyika, alisimama pembeni yangu siku moja akitazama, akasema, "Kaka, hao bado wamelewa. Utawalinganisha vipi na wazima?" Sentensi hiyo ilikuwa na maana kuliko maelekezo yote niliyokuwa nimepewa, kwa sababu hesabu nzima inasimama juu ya sharti moja: aliye na alama awe na nafasi sawasawa ya kunaswa na asiye na alama. Aliyelewa dawa na kuwekwa mdomoni mwa mtego hana nafasi sawa na mwenzake anayeteremka usiku kutoka kilomita kadhaa juu.

Basi tukatengeneza chombo, na chombo hicho nakielezea kwa fahari. Tulichukua ndoo za plastiki za lita 20 zenye mifuniko, tukazitoboa matundu pande zote kwa msumari uliopashwa moto, kisha tukasugua kingo za kila tundu kwa msasa ili zisichubue magamba. Ndani ya kila ndoo tuliweka mawe mawili ya mviringo, kwa ajili ya uzito na kivuli. Tulichagua sehemu iliyo mita mia kadhaa juu ya mtego, yenye kona mbili za mto, maji ya kasi na kidimbwi kirefu kati yake na koni, ili samaki wapate nafasi ya kutawanyika na kuchanganyika na wenzao. Tuliepuka kwenda mbali zaidi ya hapo, kwani kadiri unavyowapandisha juu ndivyo ndege na samaki wakubwa wanavyowala njiani, na aliyeliwa huonekana katika hesabu kana kwamba amepita pembeni ya mtego.

Ndoo moja ilifungwa ukingo huu na nyingine ukingo wa pili, kwenye maji yanayozunguka taratibu. Samaki waliingizwa humo alasiri, wakapata saa za kutosha za kuamka kabisa, na yeyote aliyeonekana dhaifu tuliweza kumwondoa kabla ya kumhesabu. Kilichobaki ni namna ya kuwaachia gizani bila mtu kuingia mtoni, maana usiku mawe ya Idaho yana utelezi na maji ni ya barafu. Ndipo tulipofunga kamba mbili: ya kwanza ilifungua mpira ulioshikilia mfuniko, ya pili ilifungwa kitakoni mwa ndoo, na ukiivuta polepole kutoka nchi kavu ndoo inainama, samaki wanatoka mmoja mmoja kwa hiari yao. Jua lilipozama tulisimama kila mmoja ukingo wake, tukavuta. Wakati huo ndio vifaranga wengi huanza safari zao za kawaida, hivyo waliotiwa alama waliondoka pamoja na wasiotiwa.

Kwa kuwa kila chipu ina namba yake, tuliweza kupima njia zote mbili kwa wakati mmoja: waliokamatwa asubuhi hiyohiyo waligawanywa, nusu wakaachiwa mahali pa zamani na nusu kwa ndoo. Tofauti ilikuwa kubwa na ilijirudia kila tulipojaribu. Nilimpelekea mwanabiolojia wa mradi karatasi zetu, akazisoma mbele yangu, akauliza maswali machache, na tangu siku hiyo ndoo zikawa utaratibu wa kambi. Makadirio ya vuli ile ninayaamini, na ningeyatetea mbele ya yeyote.

Ushauri mwingine wa kukataa ni ule wa kutumia asilimia ya Chinook kwa stilihedi ati kwa sababu stilihedi ni wachache na kuwapata wa kutia alama ni shida. Stilihedi wa umri wa miaka miwili ni mkubwa, ana nguvu, na huuona mtego akaukwepa. Asilimia yake aghalabu huwa ndogo kuliko ya Chinook. Kama ni wachache, unganisha wiki kadhaa zenye kina cha maji kinachofanana na uwapigie hesabu yao wenyewe, hata kama makadirio yatakuwa na mapana makubwa, yaani nafasi pana kati ya idadi ya chini na ya juu inayowezekana. Mapana makubwa yaliyo ya kweli yanafaa kuliko namba nyembamba ya kuazima.

Mwezi wa Oktoba huleta majani. Mierebi na miti mingine ya kando ya mto hupukutisha majani kwa pamoja, na upepo ukivuma usiku mmoja sanduku hujaa hadi juu, samaki wakabanwa ndani yake na kukosa hewa. Wapo watakaokuambia uinue koni mpaka majani yaishe. Ukifanya hivyo unapoteza siku ambazo vifaranga wengi zaidi wanateremka, kwa sababu mvua na upepo unaoleta majani ndio unaowaondoa na wao. Sisi tuligawana zamu usiku kucha, tukasafisha sanduku kila baada ya saa mbili hivi, mara nyingine kila saa. Majani yote yaliyotolewa tuliyatumbukiza kwanza katika pipa la maji safi, tukayakoroga kwa mkono, tukasubiri kidogo. Majani huelea au hutanda katikati, na kifaranga hukimbilia chini, ambako unamwona ukimulika kwa taa ya kichwani. Anayemwaga majani ukingoni moja kwa moja anamwaga na samaki. Vaa glavu za mpira ndefu zenye bitana ya sufu ndani, na uwe na jozi ya pili kavu, kwa sababu jozi ya kwanza italowa tu.

Kuhesabu viota mwezi Agosti ni kazi nyepesi kuliko hiyo, ingawa nayo inataka macho. Jike la Chinook huchimba kwa mkia, na panapochimbwa changarawe hugeuka kuwa safi na yenye rangi ya kung'aa katikati ya mawe yenye utando wa mwani. Kuna shimo upande wa juu na kilima kidogo upande wa chini. Nunua miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji kabla ya kununua kitu kingine chochote. Yangu ilikuwa dola sabini hivi na sijawahi kuijutia. Usikanyage kilima kile, mayai yamo humo. Mizoga tunaipasua kuona kama jike alimaliza kutaga, tunachukua magamba na kipande cha pezi kwa ajili ya umri na vinasaba, kisha tunakata mkia ili asihesabiwe mara ya pili, na mzoga unabaki mtoni kwa kuwa virutubisho vyake vinahitajika pale. Viota vya stilihedi ni vigumu zaidi, maana huchimbwa majira ya kuchipua, theluji ikiyeyuka na maji yakiwa tope. Kwa hao antena zilizolazwa chini ya mto zinasaidia kuliko macho.

Ovaroli la mpira linalofika kifuani gharama yake ni kuanzia dola mia moja na kitu hadi mia kadhaa, lakini miradi mingi itakupa la kuazima. Funga mkanda kiunoni kila unapoingia majini, hata kama wenzako hawafungi, kwa sababu ukianguka ndio unaozuia maji yasijae miguuni. Viatu vyenye soli ya sufu iliyosongwa vinashika mawe vizuri, ila hukauka polepole na hubeba konokono wadogo na mwani kutoka mto mmoja hadi mwingine. Chukua soli ya mpira yenye misumari, na uvisafishe na kuvikausha kabla ya kuhamia kijito kingine.

Matangazo ya kazi hizi hutoka kwa wingi majira ya baridi, kati ya Desemba na Machi. Idara za samaki na wanyamapori za majimbo ya Idaho, Oregon na Washington huajiri, na pia idara za uvuvi za makabila ya wenyeji asilia wa Amerika, kama Nez Perce, ambao haki yao ya kuvua imo katika mkataba wa mwaka 1855. Mshahara si mkubwa, ila malazi ya kambini mara nyingi ni bure au ya bei ndogo. Katika maombi yako eleza waziwazi kama umewahi kufanya kazi ya usiku, kama una leseni ya udereva, na kama umewahi kuandika takwimu ambazo mtu mwingine alizikagua. Mimi niliulizwa hilo la mwisho kuliko jingine lolote.